Rejeta Iliyoanza Kugonga

Casimir Wojtanik alikuwa amebakiza saa tatu za kuitwa mshukiwa. Saa nane mchana angesimama mbele ya hakimu pale Woonsocket na kusomewa shitaka la kumuua Albertine Gamache, mjane wa miaka sabini na tisa. Baada ya hapo angeitwa mshitakiwa, na nusu ya mji ingeanza kutafuta fundi mwingine wa boila katikati ya baridi ya Februari.

Inspekta Doris Peloquin alimkuta mahabusu amekaa kitandani, kofia magotini, anaitazama rejeta ya ukutani, chuma cha mvuke cha kupashia chumba joto, kama mtu anavyomtazama shemeji mlevi.

"Tundu lake la hewa limezibwa na rangi," Wojtanik alisema badala ya salamu. "Mmeipaka mara ngapi hii? Mara nane? Hewa haitoki, basi mvuke hauingii. Watu wanatetemeka humu ndani, binti, halafu mnaandika kwamba wanatetemeka kwa hatia."

Peloquin akavuta kiti. "Nimekuja tuongee habari za dhumna, mzee."

"Tulishaongea Jumamosi."

"Tuongee tena. Jumamosi ulikuwa umenuna."

"Na leo unaona nacheka?"

Peloquin alitoa kiberiti mfukoni, akakiweka kitandani. Kulikuwa na jambo moja ambalo hakumwambia Jumamosi, na leo pia hakukusudia kumwambia. Bibi Gamache alipookotwa Ijumaa chini ya ngazi za kuteremkia kwenye chumba cha boila, shingo imevunjika, ngumi yake ya kulia ilikuwa imefumba kete moja ya dhumna, ya tano na moja. Waliolijua hilo walikuwa wanne tu: yeye, Konstebo Tavares, daktari na mwendesha mashitaka. Na mwendesha mashitaka alikuwa ameshakata shauri, kwa sababu Woonsocket nzima ilijua ni nani anayetembea na dhumna mfukoni.

"Kila nyumba ninayoihudumia ina dhumna zangu chini ya rejeta," Wojtanik alisema. "Kabari ya mti inabonyea. Ya chuma inakwangua sakafu, mama mwenye nyumba anakulaani mpaka Pasaka. Dhumna za mfupa, zile za zamani, haziendi popote. Hilo nalo ni kosa la jinai?"

"Na shimo la sakafuni chumbani kwake?"

"Nilimkatia mwenyewe, mwaka aliozikwa mumewe. Ubao mmoja, unakanyagwa na mguu wa rejeta upande wa dirisha. Mguu usiponyanyuliwa, ubao hautoki. Akaniambia, Casimir, mwizi atapekua godoro, hatahangaika na kilo mia na hamsini za chuma. Nikamwambia, na wewe je, Albertine, utazinyanyuaje? Akasema, si utakuwa unakuja." Aligeuza kofia magotini. "Basi nikawa nakuja."

Mle shimoni kulikuwa na kopo la biskuti, na ndani ya kopo wosia alioandika marehemu kwa mkono wake. Kopo halikuwepo tena. Mpwa wa marehemu mumewe, Normand Gamache, ndiye aliyewaeleza polisi habari za shimo: shangazi alimwambia Krismasi kwamba kopo liko chini ya rejeta na hakuna wa kulifikia isipokuwa Wojtanik.

"Alhamisi ulifanya nini pale?"

"Kazi. Nilifungua koki ya chini ya boila, nikatoa maji ndooni mpaka yakaacha kuwa kama kahawa. Nikapima maji kwenye kioo cha boila. Nikateremsha presha, maana mtu alikuwa ameipandisha tena. Watu wanadhani mvuke ni punda, wanauchapa ili ukimbie. Uache na presha ndogo, unafika wenyewe. Halafu nikazunguka kushika rejeta moja moja."

"Ya chumbani?"

"Kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Akanipa supu ya njegere, nikanywa, nikaondoka saa saba."

"Mama Pontbriand wa ghorofa ya juu anasema ilianza kugonga Alhamisi hiyohiyo jioni. Anaishi pale miaka kumi na moja, hajawahi kuisikia."

Kwa mara ya kwanza tangu akamatwe, Wojtanik alionekana kushtuka. Shitaka la mauaji alilipokea kama mtu anayepokea bili isiyo yake. Hili lilimfanya asimame.

"Kugonga namna gani?"

"Kama mtu amefungiwa ndani ya bomba na nyundo."

"Kuna mtu kaigusa."

"Mwendesha mashitaka anasema ni wewe. Ulinyanyua, ukachukua kopo, ukarudisha haraka haraka. Ndiyo maana ikaanza kugonga."

"Mimi?" Mzee alimsogelea mpaka askari wa mlangoni akakohoa. "Sikiliza, binti. Aseme nimeua, hiyo ni kazi yake, analipwa kusema. Asiseme nimeacha rejeta ya Albertine inagonga."

"Basi nifundishe kitu cha kwenda kumwambia."

Wojtanik aliketi. Alichukua kiberiti cha Peloquin, akakilaza kwenye goti.

"Nyumba ile ni ya bomba moja. Hii ndiyo rejeta, huku kwenye kidole gumba ni vali. Mvuke unaingilia hapa. Ukipoa unakuwa maji, na maji hayana mlango mwingine, yanatokea hapahapa. Kwa hiyo rejeta lazima iinamie vali." Aliinua ncha ya pili ya kiberiti kidogo tu. "Kabari unaweka huku mbali, upande wa dirisha. Sasa ukiinua upande wa vali, maji yanalala kule mwisho. Mvuke unapokuja unayakuta, unayatupa kwenye chuma. Ndiyo nyundo yenu hiyo."

"Nani anaweza kukosea hivyo?"

"Mpumbavu."

"Mpumbavu aliyejua kunyanyua chuma kile bila kuvunja bomba?"

Wojtanik alikitazama kiberiti. Midomo ilimtembea bila sauti. "Au mtu wa mabomba mawili," alisema hatimaye.

"Ndiyo nini?"

"Majengo makubwa. Hospitali, shule. Kule mvuke unaingilia ncha hii, maji yanatokea ncha ile kwa bomba lake. Rejeta inainamia ng'ambo. Kabari zinakaa upande wa vali." Alimrudishia kiberiti. "Mkono ukifanya hivyo miaka ishirini, hauji tena kukuuliza."

Peloquin alikuwa ameshafika mlangoni alipogeuka. "Kwa Bibi Gamache uliweka kete ngapi?"

"Tatu. Sakafu imezama kule dirishani, karibu na ukuta. Mbili zimepandana chini ya mguu wa ukutani, moja chini ya mguu wa mbele. Kwa nini?"

"Kaa hapo usiende mbali, mzee."

"Niende wapi," alisema Wojtanik, na kuanza kukwangua rangi kwenye tundu la rejeta kwa ukucha.

---

Konstebo Silvia Tavares alikuwa amewasha gari na anakula pai ya nyama kwenye usukani.

"Normand Gamache anafanya kazi wapi vile?" Peloquin aliuliza akifunga mlango.

"Shule ile ya ng'ambo ya mto. Chumba cha boila, miaka ishirini na miwili. Kwa nini, dada?"

"Maelezo yake ya Jumamosi unayakumbuka?"

Tavares alijifuta vidole, akafungua daftari. "Alhamisi jioni alikuwa nyumbani, peke yake. Ijumaa asubuhi shangazi alimpigia simu shuleni kwamba mabomba yanagonga, akamwambia atapita mchana. Hakupita, maana saa tano polisi walikuwa wameshampigia. Wojtanik hajaongea naye tangu mazishi ya mzee Gamache, miaka sita. Waligombania nani abebe jeneza mbele."

"Nani alishinda?"

"Jeneza lilianguka."

Peloquin alichukua kipande cha pai kilichobaki bila kuomba. "Tupitie kwa fundi seremala yeyote. Nataka pima maji na mtaimbo."

---

Nyumba ya Bibi Gamache ilikuwa ya ghorofa tatu, ya mbao, kama majirani zake wote wa kilimani. Mama Pontbriand aliwapokea ngazini, ufagio mkononi.

"Mmekuja kuinyamazisha?" alisema. "Maana mimi nimechoka, mwanangu. Jana nimeigongea kwa ufagio, nikapiga kelele, Albertine, fungua vali hiyo hadi mwisho. Nikapiga tena. Ndipo nikakumbuka mwenyewe hayupo." Aliushusha ufagio. "Nikakaa kwenye kiti mpaka kahawa ikapoa."

"Alhamisi jioni alikuwa nyumbani?"

"Alhamisi? Alhamisi ni bingo, ukumbi wa parokia. Tulikwenda wote saa kumi na mbili, tukarudi saa tatu. Kila Alhamisi, hata theluji ikifika hapa." Alijigusa kiunoni. "Nani hajui?"

"Na iligonga mliporudi?"

"Kabla hata sijavua viatu."

Chumbani, Peloquin alipiga magoti mbele ya rejeta. Ilikuwa baridi, boila ilikuwa imepumzika kati ya zamu mbili za kuwaka. Aliweka pima maji juu ya chuma. Kiputo cha hewa hakikusita hata kidogo, kilikimbilia upande wa vali na kukaa huko.

"Upande wa vali ndio uliopanda," Tavares alisema.

"Na kete?"

Tavares alilala kifudifudi na tochi. "Mbili. Moja kila mguu, zote upande wa vali. Upande wa dirisha hakuna kitu, ila..." Alisogeza tochi. "Kuna alama kwenye rangi ya sakafu. Mistatili miwili myeupe, saizi ya kete. Mmoja kila mguu."

"Miwili?"

"Miwili."

"Kwa hiyo anayetazama sakafu anaona mbili. Na sasa hivi ziko mbili. Piga picha zote."

Tavares alipiga, kisha akakaa kitako. "Dada, mimi nimeshakuamini. Mwendesha mashitaka je? Atasema mzee kaigeuza kwa makusudi ili tumfikirie mwingine."

"Atasema."

"Alama za vidole?"

"Ukungu mtupu. Mvuke ukija, chuma hiki kinachoma."

"Sasa tuna nini?"

Peloquin alitazama saa. Saa sita na dakika kumi. "Tuna mtu anayejivunia kazi yake," alisema. "Kampigie Normand. Mwambie tunataka kumkabidhi funguo za nyumba."

Walipomaliza kumpigia, walizitoa kete zote mbili kwa mtaimbo na kuziweka juu ya kizingiti cha dirisha. Rejeta ikabaki imekaa sakafuni peke yake.

---

Normand Gamache alifika saa saba kamili. Lilikuwa pande la mtu, na bunda la funguo za shule lilimning'inia kiunoni likimtangulia kwa sauti kila alikokwenda. Alivua kofia alipoingia chumbani kwa shangazi yake.

"Mmenisaidia sana, Inspekta. Nilikuwa na wasiwasi na mabomba. Nyumba ikikaa bila mtu baridi hii, yatapasuka."

"Funguo hizi hapa. Ila kuna Mama Pontbriand." Peloquin alinyoosha kidole darini. "Ametishia kunishitaki kwa sababu ya hii rejeta. Fundi wake tunaye sisi, na simjui mwingine. Wewe unajua mvuke?"

Normand alitabasamu kidogo. "Inspekta, nina rejeta mia na arobaini. Huyo Wojtanik alikuwa anajifanya mvuke ni siri ya sakramenti." Alikunja mikono ya shati, akaweka kiganja juu ya chuma, akachungulia chini. "Mnaona? Hakuna kabari hata moja. Lazima igonge."

"Kete ziko dirishani. Zilitoka tulipokuwa tunapima."

"Sawa. Nipe huo mtaimbo."

Tavares alimpa. Peloquin alimkonyeza, na Tavares akatoka hadi kwenye ukuta wa korido, akageuza kidhibiti cha joto. Chini kabisa, boila ikavuta pumzi na kuwaka. Tavares akarudi na kuchukua kete.

Normand alifanya kazi vizuri. Alikita kipande cha ubao, akaweka mtaimbo juu yake, akaegemea taratibu. Rejeta ikanyanyuka kwa upole, upande wa vali, bila bomba kulalamika.

"Afande, sukuma moja chini ya mguu wa mbele. Hivyohivyo. Sasa wa ukutani."

Tavares alisukuma. Normand aliendelea kuegemea mtaimbo kwa mkono mmoja. Mkono wa pili aliunyoosha nyuma, kiganja wazi, bila kugeuka.

"Na ile nyingine."

Hakuna aliyesogea.

"Nyingine ipi?" Tavares aliuliza.

"Ya tatu, ka—"

Kiganja kilibaki hewani. Vidole vikajikunja kimoja kimoja.

"Nani alikuambia zilikuwa tatu, Bwana Gamache?" Peloquin aliuliza.

"Sakafu imezama. Mtu wa kazi anaona."

Peloquin aliinama, akalaza pima maji sakafuni pembeni ya mguu wa vali. Kiputo kilisimama katikati. "Imezama kule dirishani. Hapa iko sawa. Hapa mbili zinatosha."

"Wojtanik aliwahi kuniambia."

"Lini?"

Normand aliegemea mtaimbo kwa mikono miwili.

"Uliniambia hamjaongea tangu mazishi ya mzee Gamache," Peloquin alisema. "Alama za sakafuni zinaonyesha mbili. Nilizokuachia ni mbili. Anayejua zilikuwa tatu ni aliyeziweka na aliyezitoa." Aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa mfuko mdogo wa nailoni angavu. Ndani yake kulikuwa na kete ya mfupa, tano na moja. "Hii hapa unayoitafuta. Alikuwa nayo ngumini."

Normand aliitazama kete. Kisha aliishusha rejeta. Hata wakati ule aliishusha polepole, akisikilizia bomba, mpaka miguu ikakaa juu ya kete. Akaweka mtaimbo chini bila kuubwaga, akakaa pembeni ya kitanda.

"Ilibingirika," alisema. "Alhamisi. Nilinyanyua, tatu zikaanguka, mbili nikaziona. Ya tatu nikaitafuta mpaka saa mbili na nusu. Wangerudi saa tatu."

"Yeye aliipata wapi?"

"Chini ya kitanda, penye ndara zake, nadhani. Aliamka, rejeta inagonga, akaanza kuchunguza. Akanipigia. Nilikwenda, sikusema kweli, nilikwenda saa nne kasoro wakati wa mapumziko ya watoto. Nikamwambia tushuke tuitazame boila." Alijifuta mdomo kwa mkono. "Akasimama ngazi ya juu. Akafungua mkono, akasema, Normand, hii imekuwaje chini ya kitanda changu wakati Casimir alikuwa hapa jana na haikuwepo? Nikasema nipe niione. Akafumba. Nikamshika mkono. Nilitaka kete tu, Inspekta. Nilivuta, akavuta. Halafu hakuwa na mtu wa kuvutana naye, maana niliachia."

"Wosia?"

"Nyumba aliiandikia parokia. Nimeutia kwenye boila ya shule."

Tavares alikuwa ameshatoka kwenda kwenye simu ya jikoni. Alisikika akibonyeza namba, akitaja jina la mwendesha mashitaka, kisha jina lake mwenyewe mara mbili, ya pili kwa sauti ya juu zaidi. Ilikuwa saa saba na dakika thelathini na tano.

Peloquin alimfunga Normand pingu mbele, kwa sababu mabega yake yalikuwa mapana mno kwa nyuma. Ndipo mvuke ukafika. Kwanza tundu la hewa lilifyonya. Halafu ukapita muda mfupi kimya, na baada yake ndani ya chuma kukaja pigo moja, zito, likafuatiwa na mengine. Ngo. Ngo, ngo. Kizingiti cha dirisha kikatetemeka.

Normand aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu aliyeonewa.

"Mbona inagonga?" alisema. "Nimeiweka sawa."

"Kwa shuleni, ndiyo," Peloquin alisema.

Normand alimwangalia bila kuelewa, kisha akaitazama rejeta, upande wa vali, upande wa dirisha, tena vali. Midomo yake ilikuwa inahesabu mabomba. Alipofika kwenye moja, akafumba macho.

Darini, ufagio wa Mama Pontbriand uliitikia mara tatu.

Tavares alichungulia mlangoni, mkono umeziba simu. "Wamefuta shitaka. Wanamtoa sasa hivi. Ila mzee hataki kupelekwa kwake, anasema apitishwe hapa kwanza."

"Apitishwe hapa afanye nini?"

"Nilikuwa naongea na askari wa mahabusu," Tavares alisema, "na mzee alikuwa amesimama karibu na simu. Kaisikia inagonga."